Kitabu cha Mwalimu Nzau

Ukipita mjini Machakos, kule sokoni, utakiona kimepangwa juu ya gunia pamoja na vitabu vya shule na kalenda za watakatifu. Jaladani kuna joka la kijani limejikunja juu ya mawe, na chini yake, kwa herufi kubwa, jina la Mwalimu Nzau. Mimi nauza avokado karibu na hapo. Kila mtu akikiokota na kusema, "Aiya, huyu mwalimu ana akili!" mimi hugeuka nikapanga avokado zangu upya, maana nikifungua mdomo nitavunja nyumba ya watu.

Leo nimechoka kupanga avokado. Nitasema. Lakini ukienda kutangaza kwamba ni Ndanu aliyekuambia, nitakuruka mchana kweupe.

Kile kitabu kimeandikwa na Kavindu.

Humjui. Nani anamjua? Kavindu wa Mutuku ni wa kwetu Kathiani, kule mlimani. Tulikaa dawati moja tukiwa watoto. Siku ya kwanza alipoanguka darasani, wenzetu walikimbia wote, wengine wakaruka dirisha, na mwalimu akiwa mbele yao. Mimi sikukimbia. Si kwamba nina moyo wa dhahabu, la. Nilikuwa upande wa ukutani na yeye alikuwa ameniziba njia. Nikabaki nikimtazama, nikaona ni mtu tu anatetemeka, kisha analala, kisha anaamka na kuuliza nani amevunja kalamu yake. Basi. Hicho ndicho kifafa. Lakini nenda ukawaambie watu wa kwetu.

Kwao alikuwa na kikombe chake peke yake, cha bati, kinaning'inia kwa msumari mbali na vingine. Mamake alimzaa yeye kwanza, lakini hujawahi kusikia mtu akimwita mama huyo Mama Kavindu. Anaitwa Mama Wanza, jina la binti wa pili, na mwenyewe huitika. Kukiwa na matanga au harusi, sisi wanawake tunagawana kazi, huyu achambue mchele, huyu akoroge sufuria, na Kavindu anaketishwa kando amenye viazi. Haya, viazi alivyomenya vinapikwa katika sufuria ya peke yake. Jioni watu wakiondoka utaikuta ile sufuria imejaa vile vile. Yeye huona. Mtu akiwa na kifafa hawi kipofu.

Akiwa kidato cha pili aliangukia jiko, mkono wa kushoto ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Shule ikasema akae nyumbani kwanza mpaka apone. Apone! Kwani kifafa ni homa? Anameza vidonge vyake, akivimeza vizuri anakaa muda mrefu bila kuanguka, lakini shuleni hakurudi tena. Babake, aliyekuwa akichonga mawe kule Lukenya, alikuwa ameshakufa. Huyo mzee ndiye pekee aliyekuwa akimtetea. Akija nyumbani mwisho wa mwezi, nguo nyeupe kwa vumbi la mawe, alikuwa akimkalisha na kumsimulia vile mlima unavyonguruma kabla ya baruti kulipuka, kana kwamba kuna mnyama ndani anageuka usingizini.

Kavindu akamtoa mnyama huyo nje.

Aliandika kwa simu, yenye kioo kilichopasuka, akichunga mbuzi za mamake. Hadithi ilikuwa ya msichana anaitwa Syombua, ambaye kijiji kimemfukuza kwa sababu anaanguka, na kila akianguka wanasema mbuzi wamekauka maziwa. Anatembea mpaka Lukenya. Huko wachonga mawe wametoboa mwamba wakakuta jiwe la mviringo, na mmoja wao amelifanya kiti chake cha kunywea chai, hajui amekalia yai. Siku moja Syombua anaanguka karibu na hilo yai, nalo linapasuka, na anayetoka ni joka. Analiita Kivumbi, kwa sababu linakula mawe na kupumua vumbi la moto. Tangu siku hiyo, Syombua akitaka kuanguka, Kivumbi linajua kabla yake. Linakuja mbio, linajizungusha chini yake, kichwa chake kisigonge jiwe na mkono wake usifike motoni. Na akiwa kule, katika lile giza la kuanguka, Syombua anaona maji yanapopita chini ya ardhi. Huo ndio uchawi wake, hakuna mwingine. Kisha kijiji kile kinakauka, na watu wanakuja chini ya mlima na mitungi mitupu, wanapiga magoti, na Syombua yuko juu na joka lake, anawatazama, hajaamua. Sehemu ya kwanza inaishia hapo.

Mimi si msomaji. Nikisoma Biblia nasinzia. Lakini hiyo hadithi ilinifanya niunguze maharagwe.

Alikuwa akiiweka kwenye kikundi cha wasomaji kwenye simu, sura moja moja, kwa jina lake kamili: Kavindu wa Mutuku, Kathiani. Watu wa Mombasa, wa Kitui, hata mmoja wa Dodoma, walikuwa wakimwandikia, "Dada, usituache hapo, tafadhali!" Akinionyesha alikuwa akiziba mdomo kwa mkono asicheke kwa sauti. Hebu fikiria. Mtu ambaye hakuna anayekula kiazi chake, na watu Dodoma hawalali wakimngoja.

Basi, Wanza akapata mchumba. Mwalimu Nzau, anafundisha sekondari ya kutwa huko kwao, kijana mpole, viatu safi. Na nitasema ukweli hata kama una uchungu: alikuwa mtu mzuri. Alikuwa mgeni wa kwanza kunywa chai iliyopikwa na Kavindu, akaomba kikombe cha pili. Alisoma sura zote. Walikuwa wakikaa nje wakibishana kama joka linaweza kulia machozi, na Wanza anawatazama na kucheka. Nikasema, asante Mungu, nyumba hii imepata mwanamume.

Kwetu Ukambani mtu haoi kabla wazee wa upande wake hawajaulizia. Wanakuja polepole, wanajifanya wananunua kuku, kumbe wanauliza majirani: nyumba hii ikoje? Kuna wezi? Kuna uoi? Uoi ndio uchawi, ule mbaya, wa kuua watu. Aliyetumwa ni Mzee Kiema, amu ya Nzau, ndiye aliyemlea, mzee wa kanisa, mkali kama pilipili. Sijui jirani gani alimwonyesha zile sura kwenye simu. Ningemjua, leo asingekuwa na nywele.

Siku ya ntheo ikafika. Ntheo ni wale mbuzi. Upande wa mume unaleta mbuzi, mmoja anachinjwa kwa akina msichana, watu wanakula pamoja, na hapo ndipo ndoa imekuwa ndoa. Bila ntheo, hata uzae watoto saba, wewe si bibi ya mtu na watoto si wake. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwa mchungwa, kisu kimenolewa, sisi wanawake tuko jikoni na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kwenye moto. Kavindu yuko kwa viazi vyake.

Mzee Kiema akasimama akasema, "Huyo mbuzi msimguse."

Akatoa simu mfukoni, akampa kijana wake asome kwa sauti. Kijana akasoma mahali ambapo Syombua anaanguka na joka linakuja. Wazee wakatazama chini. Kiema akauliza, "Katika nyumba hii, nani anaanguka?"

Kwani kulikuwa na haja ya kuuliza?

"Kifafa si aibu," mzee akaendelea. "Hata kwetu kiko. Kwa kifafa singemkatalia mtu binti. Lakini huyu ameandika kwa mkono wake, ameweka na jina lake, kwamba akianguka kuna kitu kinakuja. Kitu chenye moto. Na kwamba watu waliomtukana wanakaukiwa na maji. Sisi si watoto. Kitu hicho tunakijua jina. Sasa mimi namuuliza mbele ya mbuzi hawa: haya maneno ni yako ama si yako? Yakiwa yake, tunafungua mbuzi wetu tunakwenda."

Uliona wapi? Mtu amekaa na ugonjwa miaka yote hakuna aliyesema ni mchawi. Siku ameutengenezea hadithi nzuri ndiyo siku imekuwa ushahidi. Nilitaka kutoka nje na mwiko wangu nimwambie yule mzee kwamba hadithi ni hadithi, hata sungura akiongea na fisi hakuna aliyekwenda kuwashtaki. Mama Wanza alinisukuma kifuani nikarudi. Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya Kavindu, hapo kwa maganda ya viazi.

"Mwanangu," akamwambia. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Mwanangu Kavindu. Sema si yako. Ni maneno tu. Mwenzako ana mimba."

Wanza alikuwa amesimama mlangoni, uso umelowa, mkono kwenye tumbo. Sisi hatukuwa tunajua. Kavindu alilitazama lile tumbo. Akafuta mikono kwa leso, akatoka.

"Si yangu," akasema.

"Ni ya nani?" Kiema akauliza.

Hapo mama hakuwa amefikiria. Kavindu naye akasimama tu pale katikati ya uwanja, ule mkono wake ulioungua ameuficha nyuma. Mzee akaanza kutikisa kichwa. Akawaashiria vijana wakafungue mbuzi.

"Ni yangu, amu," Nzau akasema.

Alikuwa amesimama. Akasema ni yeye aliyeandika, alikuwa akimpa shemeji yake amchapie kwenye simu, na akatumia jina lake kwa sababu mwalimu akionekana anaandika mambo ya majoka, wazazi watasema anafundisha watoto ushetani. Aliongea vizuri, taratibu, kama anafundisha.

Unajua walifanya nini? Walicheka. Wazee wote, wa pande zote mbili. Kiema alicheka mpaka akashika goti. "Wewe Nzau! Si ungesema! Nilijua tu, hawa watu wakisoma sana akili zinajaa zinamwagika!" Akachukua ile simu, akasoma tena mahali pale pale, joka lile lile, moto ule ule, akasema, "Kumbe ni fumbo! Ona vile amefumba!" Maneno hayakubadilika hata moja. Yakiwa ya Kavindu ni uoi. Yakiwa ya Nzau ni fumbo.

Mbuzi akachinjwa. Kavindu akarudi kwa viazi. Mimi muthokoi ule sikuweza kuumeza.

Sasa elewa jambo moja, maana mji mzima unaweza kuniuliza, "Si angesema ukweli baadaye?" Neno lililosemwa mbele ya mbuzi wa ntheo halirudishwi. Ikijulikana akina msichana walidanganya, na mbuzi ameshaliwa, hiyo ndoa imeoza. Wanza atarudi kwao, na mtoto atakuwa si wa mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kavindu alilijua hilo kuliko sisi sote.

Nzau alimfuata nyuma ya nyumba siku hiyo hiyo. Nilikuwa naosha sufuria, nikasikia. "Shemeji, nisamehe. Ni ya leo tu. Mambo yakitulia nitamweleza amu polepole."

"Sawa, shemeji," Kavindu akasema. "Umetuokoa." Na alimaanisha. Alimshukuru! Nami wakati huo nilimshukuru pia, siwezi kujifanya mjanja.

Mambo yalitulia. Wanza alijifungua msichana. Kisha mtu mmoja kwenye kile kikundi, ambaye anafanya kazi na wachapishaji Nairobi, akapiga simu akimtafuta mwandishi wa Syombua. Simu iliita mkononi mwa Kavindu. Alisema, "Ngoja nikupigie," akakata, akashuka mlima mpaka kwa Wanza, mbio, kanga inaanguka. Alifika akihema, akawaambia. Wanza ndiye aliyesema, "Na Mzee Kiema akisikia? Yeye ndiye anaambia kanisa zima kwamba mtoto wake ni mwandishi."

Kwa hiyo Nzau ndiye aliyekwenda Nairobi.

Kitabu kikatoka. Nzau akamletea Kavindu nakala, ameifunga kwa gazeti. Ndani, kwa kalamu ya buluu, alikuwa ameandika: "Kwa shemeji Kavindu, asante kwa kunichapia kazi hii kwa subira." Kavindu alinionyesha. Alicheka. Nikamuuliza nini cha kuchekesha, akasema, "Ndanu, ona, ameweka hata subira." Kisha akaenda kuchunga mbuzi na hakutaka nimfuate.

Mimi ni mtu wa soko, nimeona watu wakiiba. Mwizi wa mara ya kwanza hutetemeka mkono. Wa pili hatetemeki. Nzau mara ya kwanza akiulizwa juu ya kitabu alikuwa akitazama viatu. Baadaye akaanza kueleza. Nilimsikia redioni, nikiwa nachagua avokado, akisema wazo lilimjia akiwa mdogo, akichunga mbuzi, akausikia mlima ukinguruma. Nilitupa avokado nzima. Hata mbuzi! Hata mbuzi alimnyang'anya! Na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka kweli. Uongo ukipigiwa makofi sana, mwenyewe huanza kuuamini, nami nafikiri siku hizi Nzau akilala anaota akiwa na mbuzi.

Shuleni wakampa cheo. Barabarani akawa "Mwandishi". Na watu wakaanza kuuliza: Je, Syombua aliwapa maji? Sehemu ya pili iko wapi?

Ndipo akaja Kathiani, yeye na Wanza na mtoto, wamebeba mkate na sukari. Mimi nilikuwa hapo, na walinizoea, hawakunifukuza. Akanywa chai, akasifu mvua, akasifu mbuzi. Mwishowe akasema, "Shemeji, najua umeendelea nayo."

Alikuwa ameendelea nayo. Alikuwa karibu kuimaliza. Alikuwa amenisomea kipande ambapo Syombua anashuka mlimani, lakini hashuki kuwaombea wala kuwalipiza, anashuka na kuwaambia, "Nitawaonyesha maji, lakini mtanichukua kama ninavyoanguka." Na ni lazima kila nyumba imweke pale moto ulipo, katikati, na mtu wa kumshika. Nilipolia alinipa ncha ya leso yake.

"Andika jina langu," Kavindu akamwambia Nzau. "Chini ya lako. Hata kwa herufi ndogo. Uniweke tu, nitakupa yote."

Nzau akazungusha kikombe. "Shemeji, unamjua mzee."

"Basi sema tuliandika wawili."

"Mbele ya mbuzi ulisema si yako." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake mvua inakaribia.

Wanza akadakia, "Kavindu, unataka kunivunjia nyumba kwa sababu ya joka? Joka lenyewe halipo!" Yule mtoto alikuwa mapajani pa Kavindu, anakula kipande cha mkate kutoka mkononi mwake. Ni yeye tu katika ukoo mzima anayekula kutoka mkono huo. Kavindu akamshika kichwa, akasema, "Sina la kuwapa." Wakaondoka. Mkate waliuacha.

Nilimwambia aiweke tu kwenye simu, kwa jina lake, liwalo na liwe. Nilimfokea hata. Akanitazama akaniuliza, "Na mtoto?" Mnyonge hana haki, lakini mimi sikujua kwamba mnyonge pia atatakiwa kuilinda nyumba ya aliyemnyonga.

Nzau hakungoja. Akaiandika sehemu ya pili mwenyewe.

Uzinduzi ulifanywa mjini, katika ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, maji ya chupa, wanafunzi wa shule mbalimbali wamevaa sare. Nilimwambia Kavindu tusiende. Akasema, "Nataka kujua amemfanya nini Syombua." Alisema kama mtu anayekwenda kumtambua maiti. Tuliketi nyuma, mimi, yeye na mamake. Mbele alikaa Wanza, mtoto mapajani, na Mzee Kiema kando yake na suti ya kahawia.

Nzau akasoma. Ana sauti nzuri, siwezi kumnyima hiyo. Akasoma vile Syombua anashuka mlimani akilia, anapiga magoti mbele ya kijiji, anaomba msamaha kwa kiburi chake. Mzee mmoja anamwombea. Kijana shujaa kutoka mjini anapanda na panga, anamkata Kivumbi shingo, na tumboni mwa joka yanatoka maji, chemchemi kubwa, watu wanajaza mitungi. Syombua amepona. Haanguki tena kamwe. Anaolewa na yule kijana, na mbuzi wa ntheo wanaletwa.

Watu wakasimama kupiga makofi. Mzee Kiema akatoa kitambaa akafuta macho, akasema kwa sauti, "Sasa hii ndiyo hadithi!"

Kavindu alikuwa amenishika mkono. Kucha zake ziliniingia. "Ameomba msamaha," akaninong'oneza. "Ndanu, Syombua ameomba msamaha. Wa nini?"

Nilikuwa nalia kwa hasira. Mamake alikuwa akipiga makofi. Si kwa ubaya, wengine walipiga akapiga.

Wakaruhusu maswali. Wakauliza hili na lile, unapata wapi muda, unatushauri nini sisi vijana. Kisha akasimama msichana mmoja wa sare ya kijani, mwembamba, ana kovu la moto kutoka shavuni mpaka shingoni. Sihitaji kukuambia kovu hilo linatoka wapi. Sisi watu wa Kavindu tunalijua tukiliona.

"Mwalimu," akasema, "mimi huanguka. Kitabu cha kwanza nimekisoma mpaka kurasa zimetoka. Nikihisi naanza, huwa nasema kichwani, Kivumbi anakuja, Kivumbi anakuja, na siogopi. Sasa nilikuwa nataka kuuliza, kwa nini ulimuua?"

Nzau akatazama karatasi zake. Kwa dakika moja nikafikiri, sasa atasema. Hata nikamsamehe kidogo, mapema.

"Swali zuri," akasema. "Mwandishi lazima awe na ujasiri wa kumaliza hadithi yake. Na ukitazama vizuri, binti, Syombua amepona. Hiyo si habari njema?"

Watu wakapiga makofi tena. Msichana akaketi.

Kavindu akanyanyuka. Mamake akamshika sketi akamvuta, "Keti, keti, watu wanatazama," lakini hakuketi. Hakwenda mbele. Alingoja watu waanze kutoka kwa ajili ya picha, akamfuata yule msichana mpaka mlangoni, mimi nyuma yao. Akamgusa bega.

"Hajafa," akamwambia.

Msichana akageuka. "Nani?"

"Kivumbi. Hakuuawa. Syombua hakuomba msamaha, na hakupona, na hakuna aliyetaka apone. Aliwaonyesha maji, na wakakubali kumshika akianguka. Ndivyo ilivyo."

Aliongea haraka, sauti inapanda. Msichana alimtazama usoni, kisha kwenye ule mkono, na nikaona macho yake yanafunguka. "Umejuaje?" akauliza. "Ni wewe? Ni wewe uliyeandika?"

Wanza alikuwa hapo mlangoni, mtoto mgongoni, amesikia. Mzee Kiema alikuwa hatua moja nyuma yake, na kitambaa chake bado mkononi, anauliza, "Nini? Anasema nini huyo?" Wanza alimtazama dadake. Alitikisa kichwa tu, kidogo, na mtoto akanyoosha mikono kwa mama yake mkubwa.

"Hapana," Kavindu akasema. "Si mimi."

Msichana akangoja kidogo, pengine kuna neno lingine. Akarekebisha mkoba wake begani.

"Basi huwezi kujua," akasema, akarudi ndani kupanga foleni ya sahihi ya mwalimu.